"Sista, mwanangu atapona?": Muuguzi na suali la mwelekeo wa saratani kwa mtoto

Daktari anapowaeleza wazazi hali ya mtoto wao mwenye saratani, mara nyingi mama huitikia kwa kichwa tu. Suali lake huja usiku, wodi imetulia na muuguzi anabadilisha chupa ya dripu: "Sista, mwanangu atapona?"

Jawabu lililozoeleka kwetu Unguja na Pemba ni "Inshaallah atapona." Neno hilo ni la imani na hakuna anayelikataa, tatizo ni pale linapotamkwa na mtu aliyekwishageuka kuondoka, kwani hapo huwa ni njia ya kukimbia suali. Tunaofundisha wauguzi huwaelekeza wavute kiti, waitikie dua hiyo kwa dhati, kisha waulize: "Jana daktari kakwambieni nini, nawe umefahamu vipi?" Huenda mama hakuyafahamu maelezo, au ameyafahamu vyema na anachotaka ni mtu wa kukaa naye kidogo. Muuguzi hatakiwi kutoa taarifa ambayo daktari hajaitoa, wala kukana analolijua. Aliandike suali hilo kwenye faili na asubuhi arudi pamoja na daktari. Asiporudi, mama hatauliza tena. Amuulize pia ni nani angependa awepo, maana baba huenda yuko dago, kambi ya wavuvi, na mwenye kauli nyumbani ni bibi au mjomba.

Wengi hudhani mazungumzo haya ya mwelekeo wa ugonjwa, yaani unakoelekea na matumaini ya kupona, ni ya kifo tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30, na miongoni mwa sababu ni kuchelewa kugundua ugonjwa na kukatisha matibabu. Chukua mfano wa saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya la mtoto. Dawa za mwanzo zinaweza kuupunguza uvimbe huo ndani ya siku chache, mtoto akaanza kula na kucheza, na familia iliyotoka Pemba kwa boti hadi Unguja, kisha ikavuka tena kwenda hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ikaona kazi imekwisha na kurejea kwa watoto wengine waliobaki nyumbani. Muuguzi aliyewaambia mapema kwamba uvimbe utanywea kabla ugonjwa haujaisha, na kwamba matumaini ya kupona yapo kwenye kumaliza dozi zote, ameshazungumzia mwelekeo wa ugonjwa, hata kama hakutaja asilimia yoyote. Asilimia, kwa kweli, haimwambii mama mtoto wake yumo upande gani.

Pale tiba inaposhindwa kuuondoa ugonjwa, muuguzi aeleze kinachoendelea kufanywa, si kinachoachwa tu: maumivu yatatulizwa, ikibidi kwa morfini ya maji, na tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ambayo inapaswa kuanza tangu siku ugonjwa unapogunduliwa, itaendelea. Mtoto naye asisahauliwe. Wa miaka tisa huona macho ya mama yamevimba, na akinyimwa maelezo hujitungia yake, mara nyingi kwamba kosa ni lake.

Familia iliyoelezwa mapema hupata nafasi ya kuamua kama mtoto abaki wodini au arejeshwe kwao Pemba, wakati bado anaweza kuistahamili safari ya boti.