Je, Wajua? Hukumu ya Kikatiba Haijui Kama Imeshakufa

Ukitaka kujua mahakama imesema nini kuhusu kifungu fulani cha katiba, kinachokujia kwanza ni kuitafuta ile hukumu inayotajwa na kila mtu, kuisoma mwanzo hadi mwisho, kisha kunukuu. Ndivyo nilivyofanya mwaka 2022 nilipokuwa naandika makala kuhusu adhabu ya kifo nchini Kenya. Niliipata hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Francis Muruatetu, nikaisoma bila kuruka aya, nikaandika kwa kifua mbele kwamba adhabu ya kifo ya lazima, yaani ile ambayo jaji hana hiari ya kuipunguza, imekwisha Kenya. Mhariri alinirudishia rasimu ikiwa na maneno manne tu pembeni: "Na baada ya hapo?"

Baada ya hapo kulikuwa na jambo kubwa. Tarehe 6 Julai 2021 mahakama ile ile ilirudi kwenye kesi ile ile na kueleza kwamba uamuzi wa 2017 ulihusu kosa la mauaji peke yake. Wizi wa mabavu, uhaini na makosa mengine yenye adhabu ya kifo hayakuguswa. Anayetaka kuyapinga, ikasema, aanze na kesi yake Mahakama Kuu na apande nayo ngazi kwa ngazi. Katikati ya tarehe hizo mbili, mahakama za chini zilikuwa zimeshautumia uamuzi wa 2017 kwa watu waliotiwa hatiani kwa wizi wa mabavu, na hata Mahakama ya Rufaa ilikubali mwaka 2018. Kwa hiyo nilikosea pamoja na majaji, jambo lililonipa faraja kidogo. Tofauti ni kwamba wao waliamua kabla ya 2021, mimi niliandika baadaye.

Kosa langu halikuwa la kutosoma. Nilisoma sana, ila upande mmoja. Bila hata kujua kwamba nadhani, nilidhani hukumu iliyopunguzwa nguvu ingenionyesha dalili: muhuri, mstari mwekundu, tangazo juu ya ukurasa. Nilidhani pia kwamba hukumu iliyotenguliwa huondolewa, kama bidhaa mbovu inavyoondolewa rafuni. Haiondolewi. Hukumu ya Plessy dhidi ya Ferguson ya 1896, ambamo Mahakama ya Juu ya Marekani ilihalalisha mabehewa tofauti kwa weupe na weusi, ipo hadi leo neno kwa neno, na anayeifungua bila kujua yaliyofuata atakutana na majaji wanaozungumza kwa uhakika uleule wa siku ile. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, mahakama hiyo iliikana hoja yake kwa shule za umma, na kesi nyingine zikaikana kwingineko. Hakuna aliyekwenda kuifuta. Na kifungu cha katiba kilichobishaniwa, Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, hakikubadilika hata nukta katika miaka yote hiyo.

Hapo ndipo utafiti wa sheria ya katiba unapokuwa mgumu kuliko unavyoonekana. Sheria ya kawaida ikibadilishwa, maneno yake hubadilika na kuchapishwa upya. Katiba inaweza kubaki na maneno yale yale huku maana yake ikigeuka kichwa chini.

Kwa nini hukumu haikuambii? Ichukue kama hati ya deni. Juma amekukopa, ameandika na kusaini, na karatasi unayo mkononi. Isome mara mia: inasema Juma anadaiwa. Haiwezi kusema kwamba alilipa, kwa sababu malipo, kama yapo, yalifanyika baada ya wino kukauka, na ushahidi wake uko kwenye karatasi nyingine: risiti. Inawezekana alilipa yote, alilipa nusu, au mlikubaliana upya kwamba deni lilikuwa la mbuzi na si la ng'ombe. Hati haina habari na lolote kati ya hayo. Ukitaka ukweli itabidi utafute risiti zote zinazoitaja hati hiyo, na hakuna hata moja iliyobanwa nayo kwa pini.

Hukumu ni hivyo hivyo. Marejeo yaliyo ndani yake huelekea nyuma tu, kwa kesi zilizoitangulia. Inawajua babu zake, wajukuu haiwajui. Uhai wake uko mikononi mwa hao wajukuu, yaani kesi za baadaye zilizoitaja na kuifuata, kuibana, kuitofautisha, kuitilia shaka au kuitengua. Muruatetu ya 2017 ni lile deni la mbuzi lililodhaniwa kuwa la ng'ombe: hukumu ni hai kabisa kwa mauaji, na kwa wizi wa mabavu haikuwahi kuwa na nguvu ambayo wengi wetu tuliipa. Ndiyo maana swali la "bado ipo au imetenguliwa?" halitoshi. Uliza ipo kwa lipi.

Mawakili wamelijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1821 Mmarekani Simon Greenleaf alichapisha kitabu kizima cha hukumu zilizotenguliwa, kukataliwa, kutiliwa shaka au kubanwa, yaani orodha ya marehemu na mahututi. Shida ya kitabu cha namna hiyo ni kwamba huanza kuchakaa siku kinapotoka kiwandani. Suluhisho ninalolipenda zaidi lilikuja mwaka 1873 kutoka Illinois. Frank Shepard aliuza vikaratasi vyenye gundi, vimeorodhesha kesi mpya zilizoitaja kesi fulani ya zamani, na wakili alivibandika pembeni mwa hukumu husika kwenye kitabu chake. Basi. Risiti zikaanza kugandishwa kwenye hati. Baadaye vikaratasi vikawa vitabu, na vitabu vikawa hifadhidata za kulipia zinazotumia alama za rangi kuonyesha hali ya kesi.

Wazo hilo halikuishia kwa mawakili. Mwaka 1953 William Adair, aliyewahi kuwa kiongozi katika kampuni ya Shepard, alimwandikia Eugene Garfield, mtaalamu wa taarifa za kisayansi, kumweleza namna faharasa ya Shepard, yaani ile orodha ya kesi zilizoitaja kesi fulani, inavyofanya kazi. Mwaka 1955 Garfield alipendekeza faharasa ya aina hiyo kwa makala za sayansi, na katika miaka ya 1960 akaijenga. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipoeleza mwaka 1998 namna ya kupanga kurasa za wavuti kwa kuangalia nani anaunganisha kwa nani, walisema wazi kwamba wanatumia wazo la marejeo ya kitaaluma. Siwezi kudai kwamba bila gundi ya Illinois tusingekuwa na injini za kutafuta, lakini undugu upo.

Huhitaji hifadhidata ya kulipia ili kutazama mbele. Hukumu za Kenya zipo bure kwenye tovuti ya Kenya Law, za Tanzania kwenye TanzLII, za India kwenye Indian Kanoon ambayo huonyesha pia kesi zilizoitaja ile unayosoma, na za Kanada kwenye CanLII yenye huduma kama hiyo. Pale ambapo orodha hiyo haipo, andika jina la mlalamikaji ndani ya alama za kunukuu, panga matokeo kuanzia mapya, kisha anzia mahakama ya juu kabisa. Ukianzia chini utazama: jina la Muruatetu pekee linaleta lundo la hukumu za Mahakama Kuu. Kisha rudia kwa kutumia namba ya ibara badala ya jina, maana hukumu inaweza kubadilisha mambo bila kuitaja ile ya zamani hata mara moja.

Tena si mahakama peke yake inayoua hukumu. Fuata suala la mgombea binafsi Tanzania, lililopelekwa mahakamani na Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimkubalia kwamba raia anaweza kugombea bila kudhaminiwa na chama. Bunge likabadili Katiba, na ushindi ukayeyuka bila jaji yeyote kusema kwamba Mahakama Kuu ilikosea. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema suala hilo ni la Bunge. Anayefuatilia mahakama za nchi peke yake atafunga daftari hapo, kwa kuwa hiyo ndiyo mahakama ya mwisho. Ila tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Haikutengua hukumu ya Mahakama ya Rufani, kwani si mahakama ya rufaa juu yake. Ilisema nchi imevunja wajibu wake. Sasa hukumu ya 2010 ni hai au imekufa? Ndani ya nchi inasimama, lakini ukiinukuu bila ile ya 2013 umesimulia nusu ya habari. Mnyororo huu una risiti za ofisi tatu tofauti, na kikaratasi cha Shepard kingenasa za ofisi moja tu.

Kuna tahadhari moja zaidi. Ukitafuta usipate kitu, hilo si uthibitisho kwamba hukumu ni hai. Huenda iliyoitengua haijapandishwa mtandaoni, au jina la kesi limeandikwa kwa herufi nyingine. Hata huduma za kulipia, zilipolinganishwa, zilionekana kutokubaliana mara nyingi kuhusu ni kesi ipi imepigwa na kwa kiasi gani. Alama ya kijani ni maoni ya mtu aliyesoma kabla yako.

Halafu kuna maoni ya majaji walio wachache, ambayo wanaoanza huyanukuu kama hukumu kwa sababu mara nyingi ndiyo yaliyoandikwa kwa uchungu na ufasaha. Kisheria hayamfungi mtu. Lakini katika Plessy, jaji mmoja tu, John Marshall Harlan, aliwapinga wenzake saba, na leo aya zake ndizo zinazonukuliwa. Mbinu ya kutazama mbele inafanya kazi kwake pia: tafuta nani alimtaja, lini, na je, alikuwa anaandika kwa niaba ya walio wengi au naye alikuwa amebaki peke yake.