Santuri ndogo za soul na roki ya gereji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Nazipenda santuri ndogo za inchi 7, zile za wimbo mmoja kila upande, hasa za soul (muziki wa Wamarekani Weusi wenye mizizi ya kanisani) na roki ya gereji (roki mbichi ya bendi za vijana) zilizotoka Marekani miaka ya 1960. Vijana wengi wameanza kuzisaka upya na jambo hilo linanifurahisha sana. Tatizo ni kwamba wanajazwa maneno yasiyo na msingi kabla hata hawajaweka sindano, na maneno hayo yanawakosesha nyimbo tamu mno. Nitayapitia yanayoniuma zaidi, na kila mahali nitakuachia wimbo wa kusikiliza.

“Soul ni ya Weusi, gereji ni ya Wazungu. Chagua upande wako.”

Hili ndilo linaloharibu zaidi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mchukue mtunzi mmoja tu, Mzungu Ed Cobb. Mwaka 1964 mwimbaji Mweusi Brenda Holloway aliimba chini ya Motown, kampuni ya santuri za soul ya Detroit, wimbo wa Cobb “Every Little Bit Hurts”, wa taratibu, wa mtu aliyeumizwa na bado anapenda. Cobb huyohuyo ndiye aliyemtungia Gloria Jones, naye Mweusi, “Tainted Love”. Na ni yeye aliyewatungia The Standells “Dirty Water”, uliovuma mwaka 1966 na kuwa moja ya nguzo za roki ya gereji. The Standells walikuwa watu wa Los Angeles, lakini wimbo unautaja mji wa Boston, na Red Sox, timu ya besiboli ya mji huo, wakishinda nyumbani, uwanja mzima wa Fenway Park huuimba. Zipige hizo tatu kwa kufuatana, kisha niambie mpaka uko wapi.

Au nenda Tacoma, jimbo la Washington, kwa The Sonics. “The Witch” ya mwaka 1964 ni kelele tupu kwa mtu aliyezoea muziki uliopigwa pasi: ngoma zinapigwa kama za ugomvi, mwimbaji Gerry Roslie anapayuka mpaka sauti inakwaruza. Lakini tega sikio, kuna saksafoni humo ndani. Na kwenye albamu yao ya kwanza wamerudia “Do You Love Me” ya The Contours na “Money” ya Barrett Strong, nyimbo zote mbili zimetoka kwenye nyumba ya Motown. Vijana hawa Wazungu walijifunza kutoka kwa wanamuziki Weusi, na hawakuficha.

Halafu wapo wasioingia upande wowote kati ya hizo mbili. Kundi la ? and the Mysterians (alama hiyo ya kuuliza ndiyo jina la mwimbaji) lilikuwa la watoto wa familia za Kimeksiko waliokulia Michigan. Wimbo wao “96 Tears” ulitoka kwanza kwenye lebo (kampuni ya santuri) ndogo ya huko, na kufikia Oktoba 1966 ulikuwa namba 1 Marekani nzima. Kinanda kinarudia noti zilezile kwa ukaidi mwanzo hadi mwisho, wala huchoki.

“Bendi za gereji hazikujua kupiga, ndiyo maana zinachekesha.”

Mfano unaotolewa kila mara ni “Louie Louie” ya The Kingsmen, iliyorekodiwa Portland, Oregon, Aprili 1963, kwa takriban dola 50. Ni kweli kuna kosa. Baada ya gitaa kumaliza zamu yake, mwimbaji Jack Ely anaingia mapema, anagundua, ananyamaza. Sasa sikiliza anachofanya mpiga ngoma: palepale anaziba pengo kwa mapigo ya haraka, na bendi nzima inaingia ubeti wa tatu pamoja kana kwamba ndivyo walivyopanga. Watu wasiojua kupiga wangesimama. Maneno hayasikiki vizuri kwa sababu maikrofoni ilikuwa imetundikwa juu na Ely alikuwa akiipigia kelele kutoka chini.

Kutosikika huko kukazaa uvumi kwamba wimbo ni wa matusi. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikauchunguza kwa zaidi ya miaka miwili, ikausikiliza kwa kasi mbalimbali, na mwisho ikakubali kwamba haielewi kinachoimbwa. Mtunzi wake, Richard Berry, mwimbaji Mweusi wa Los Angeles, alikuwa ameutoa mwaka 1957, na maneno yake ni ya baharia anayemweleza mwenye baa kuhusu mpenzi aliyemwacha Jamaika. Hakuna tusi. Berry aliuza haki zake kwa dola 750 hivi alipokuwa anajiandaa kuoa, na ilimchukua miaka mingi kurudishiwa sehemu ya jasho lake. Tafuta toleo lake uone lilivyo laini, lenye mwendo wa cha-cha.

“Upande wa pili ni wa kujazia tu.”

“Green Onions” ya Booker T. & the M.G.'s, Memphis, 1962, ilianza kama upande wa pili. Booker T. Jones alikuwa na miaka 17. “Tainted Love” nayo ilikuwa upande wa pili, na ilipotoka huko Marekani haikugusa chati yoyote. Ma-DJ wa kaskazini mwa Uingereza ndio walioifufua miaka ya 1970, na mwaka 1981 kundi la Kiingereza Soft Cell wakairudia ikawa namba 1 Uingereza. Mimi bado namchagua Gloria Jones, bila kusita.

“Ya bei kubwa ndiyo bora.”

Bei inapima uhaba. Mwaka 2009 nakala ya “Do I Love You (Indeed I Do)” ya Frank Wilson iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000. Ilikuwa imetengenezwa mwaka 1965 na kampuni ya Motown, kisha nakala karibu zote zikaharibiwa. Wilson aliamua kubaki mtayarishaji wa muziki badala ya kuwa mwimbaji. Kule Wigan Casino, ukumbi wa dansi za usiku kucha wa kaskazini mwa Uingereza uliodumu kutoka 1973 hadi 1981, wimbo huu ulipigwa kwa jina la uongo, “Eddie Foster”, ili ma-DJ wapinzani wasijue pa kuutafuta. Ni wimbo wa furaha kubwa, unastahili kila sifa. Lakini ulitolewa tena Uingereza mwaka 1979, hivyo huhitaji kuuza kiwanja. Na “Green Onions”, kwa kuwa iliuzwa kwa wingi, bado hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana.

“Nakala ya kwanza lazima isikike vizuri kuliko zote.”

Si lazima. Viwanda vingi vya Marekani vilitumia polistaireni badala ya vinaili, plastiki ngumu inayolika upesi chini ya sindano nzito. Santuri ya namna hiyo inaweza kung'aa kama mpya na bado ikakwaruza kila mwimbaji anapopaza sauti. Igonge kidogo kwa ukucha: polistaireni hulia kwa ukali, vinaili hutoa sauti nzito. Ikiwa ni polistaireni, mwombe muuzaji aipige mpaka mwisho kabla hujatoa hela.