Mwambie Mtoto Alichofanya, Usimwambie Alivyo

Katika madarasa ya awali hapa Tanga, sifa na lawama hutolewa kwa wingi. Mtoto akipatia, wenzake wanaambiwa wampigie makofi. Akikosea, anaambiwa, "Hebu angalia wenzako!" Katika hayo mawili hakuna linalomwambia amefanya nini, wala sasa afanyeje.

Chukua mtoto wa miaka mitano aliyeandika 3 iliyogeuka. Kwa umri huo ni jambo la kawaida kabisa. Tangu azaliwe, kikombe ni kikombe hata mshikio wake ukielekea kushoto. Ndiyo kwanza anajifunza kwamba kwenye maandishi upande una maana. Mwalimu akimpigia mkasi kwa kalamu nyekundu, anachojua ni kwamba amekosa. Wapi, hajui. Sisi tunaofundisha walimu wa awali tunawaomba wachuchumae karibu na mtoto, waseme: "Umeandika tatu, nimeyaona matumbo yote mawili. Sasa tazama hii yangu. Matumbo yake yametokeza upande gani?" Kisha mwalimu anyamaze, asubiri. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa kujibu kabla mtoto hajafikiri. Akigundua mwenyewe, aandike tena palepale. Daftari likirudi kesho, ameshasahau alikuwa akijaribu nini.

Makosa yakiwa sita, shika moja. Mengine yana siku yake.

Nyumbani nako tuache kumwagia watoto "una akili sana". Nchini Marekani, mtafiti Elizabeth Gunderson na wenzake waliwarekodi wazazi wakiwa na watoto wao wa kati ya mwaka 1 na 3, wakawafuatilia watoto hao miaka 5 baadaye. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, watoto ambao sehemu kubwa ya sifa zao ilihusu juhudi na namna walivyofanya jambo ndio waliopenda zaidi kazi ngumu. Kwa hiyo, mama au baba wa Sahare, hapa Tanga, akiletewa mchoro wa mashua, aseme: "Naona umeweka mlingoti na tanga. Nahodha amekaa wapi?" Mtoto atarudi kuchora.

Najua madarasa yetu yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kuwafikia wote kila siku. Awagawe kwa siku za wiki na aandike majina, asirukwe mtu, hasa wale wakimya ambao hawasumbui na hawaulizi.