Je, Wajua Kwa Nini Akili Iliyozoezwa Bado Huzurura?

Nilipokuwa nikisoma chuo hapa Dodoma, niliamini kwamba mtu makini ni yule ambaye mawazo yake hayabanduki kwenye kazi aliyoishika. Nilijifungia chumbani, nikaiweka simu mbali, nikakodolea macho ukurasa, na kila nilipojikuta nawaza nauli ya basi la Kondoa nilihesabu kwamba nimeshindwa. Baada ya wiki chache niliacha, nikiwa na hakika kwamba akili yangu haikuumbwa kutulia. Nilikosea, na kwa kuwa kosa hilohilo nimelisikia kwa wanafunzi, wazazi na hata walimu, nitalieleza kwa kirefu.

Mwanasaikolojia wa Marekani William James aliandika mwaka 1890 kwamba umakini wa hiari haudumu zaidi ya sekunde chache kwa mara moja. Kile tunachokiona kuwa umakini wa muda mrefu ni juhudi fupi fupi zinazofuatana, kila moja ikilirudisha jambo mbele ya akili. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 walioulizwa kupitia simu zao, katikati ya shughuli za siku, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mwenye kujibu alikuwa anawaza jambo jingine. Mtu anayejilaumu kwa sababu mawazo yamemtoka, kwa hiyo, anajilaumu kwa hali ambayo wenzake wote wanaishi nayo. Hata waliojizoeza kwa miaka huzurura kimawazo, nao ndio wanaotuonyesha kwamba zoezi linagusa mahali pengine kabisa.

Mahali hapo anapaelewa vizuri mtu yeyote aliyewahi kuchunga mbuzi Ugogo, pembezoni mwa mashamba ya mtama na uwele. Mchungaji hawezi kuwafunga mbuzi wote kamba, maana hawatashiba, na mbuzi mwenye afya lazima ageukie shamba. Mchungaji mgeni hushtuka wakati mistari mitatu ya mtama imekwisha kuliwa na mwenye shamba anapiga kelele. Mzoefu huinua kichwa mbuzi wa kwanza anapogeuza shingo, akapiga mluzi, na kundi likarudi. Mbuzi ni walewale na shamba ni lilelile, ila muda kati ya mbuzi kutoka na mchungaji kujua umefupika. Kuna jambo la pili ambalo mzoefu analijua: akikaa kumchapa mbuzi mmoja kwa hasira, wengine watano wataingia shambani nyuma ya mgongo wake. Msomaji anayetumia dakika tatu kujikaripia kwa kuwaza nauli ameongeza safari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Wendy Hasenkamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliufuatilia mzunguko huu ndani ya ubongo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Watu 14 waliozoea kutafakari walilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakaelekeza mawazo kwenye pumzi zao, na kubonyeza kitufe kila walipogundua kwamba mawazo yametoka. Picha zilitenganisha hatua nne, yaani kuzurura, kugundua, kurejea na kutulia, na kila hatua ilikuwa na sehemu zake za ubongo zilizochangamka. Hatua ya kugundua, ambayo ndiyo kuinua kichwa kwa mchungaji, ilihusisha mtandao wa neva unaotambua jambo linalostahili kushughulikiwa. Ni vyema kukumbuka kwamba watu 14 ni wachache na wote walikuwa wazoefu, hivyo picha hizo zinaonyesha jinsi mzunguko unavyokwenda, bila kuthibitisha kwamba mazoezi ndiyo yaliyoufanya uwe hivyo.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu michezo ya kompyuta inayouzwa kwa ahadi ya kunoa ubongo. Daniel Simons na wenzake waliupitia ushahidi wake mwaka 2016 na kukuta kwamba mchezaji huwa hodari katika mchezo wenyewe, lakini ushahidi kwamba uhodari huo humfuata darasani au kazini ni hafifu. Kwa maoni yangu, anayetaka kusoma kwa utulivu na ajizoeze kwa kusoma.

Muda nao una mpaka wake. Mwaka 1948, Norman Mackworth, aliyechunguza uchovu wa wasimamizi wa rada nchini Uingereza, alionyesha kwamba watu waliotazama mshale wa saa maalumu kwa saa mbili walianza kukosa ishara nyingi zaidi baada ya nusu saa ya kwanza.

Siku hizi husoma kwa vipindi visivyozidi nusu saa, na kila ninapogundua kwamba nimetoka, naweka nukta ya penseli pembeni mwa ukurasa na kurudi kwenye sentensi ya mwisho ninayoikumbuka. Wiki ya kwanza nukta zilikuwa mbili au tatu kwa ukurasa, na wiki ya nne zikawa saba. Zamani ningeona ninaharibikiwa. Lakini wiki ya kwanza nililazimika kurudi nyuma nusu ukurasa kuitafuta sentensi hiyo, na wiki ya nne ilikuwa mstari mmoja tu juu.