Damu ni ya nani, na ilifikaje pale?

Mtu akishajua kazi yangu, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Kwa hiyo mkipata vinasaba (DNA), kesi imekwisha?" Hapana. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapoanza.

Nimefanya uchunguzi wa sayansi jinai kwa miaka mingi, kwanza kwenye maeneo ya matukio na baadaye maabara. Kama kuna jambo moja ningependa lieleweke kwa wapelelezi, mawakili, mahakimu na yeyote anayefuatilia habari za kesi, ni kwamba kila kielelezo hubeba maswali mawili. Kimetoka kwa nani? Na kilifikaje pale kilipookotwa? Swali la kwanza tunalimudu vizuri sana siku hizi. La pili ni gumu kuliko watu wanavyodhani, nalo ndilo linaloamua kesi nyingi.

Msingi wa taaluma yetu uliwekwa na Mfaransa Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, kwenye vyumba viwili vya darini. Wazo lake ni jepesi kulitamka: vitu viwili vikigusana, huachiana kitu. Anayeruka dirisha huacha nyuzi za nguo yake kwenye mbao na kuondoka na chembe za rangi na vumbi la kioo. Watu hulikumbuka wazo hilo kama habari njema, kwamba mhalifu lazima aache kitu. Wanasahau kwamba kuachiana huko hakukomi mhalifu anapoondoka. Jirani aliyekimbilia mayowe ya kuomba msaada, muuguzi, askari wa kwanza kufika, mimi mwenyewe na glavu zangu: sote tunaleta na tunaondoka na kitu.

Ndiyo maana nikifika kwenye eneo la tukio, kwa dakika kadhaa sigusi chochote. Majeruhi wakishaondolewa, nasimama mlangoni na kuangalia. Taa ilikuwa inawaka au imezimwa? Mlango ulikutwa wazi, au umefunguliwa na waliotutangulia? Halafu tunachagua njia moja ya kupita, tunapiga picha za mbali, za kati na za karibu zenye rula pembeni, tunachora ramani, na tunaanza kukusanya vile vitakavyopotea mapema: alama za viatu kwenye vumbi, nywele ambayo upepo wa mlango unaweza kuipeperusha, mabaki ya baruti mikononi mwa mtu aliye hai, ambayo huisha ndani ya saa chache kwa kunawa au kujifuta tu. Hatua hizi zimeandikwa kwenye miongozo yote, sitazirefusha. Ngoja nikae kwenye damu, kwa sababu damu inaonyesha vizuri ninachotaka kusema.

Piga magoti nami mbele ya ukuta mweupe. Sentimita arobaini hivi kutoka sakafuni kuna matone madogo yaliyokauka, rangi ya kutu iliyokolea. Ukiyatazama kwa lenzi, hayana umbo moja. Tone linalogonga ukuta likiwa limeuelekea moja kwa moja huacha duara. Linalokuja kwa mshazari hurefuka kama yai, na lile lililokuja kwa mshazari mkali huwa na mkia mwembamba unaoonyesha lilikokuwa linaelekea. Pima upana na urefu wake, bila kuhesabu mkia. Upana ukiwa milimita 5 na urefu milimita 10, hesabu za pembetatu tulizosoma sekondari zinakwambia kwamba tone hilo liliupiga ukuta kwa pembe ya digrii 30. Chukua matone ishirini ya namna hiyo, rudisha mstari wa kila moja kule lilikotoka, na mistari itakutana kwenye eneo dogo hewani. Damu ilianzia hapo.

Tuseme eneo hilo liko sentimita sitini juu ya sakafu. Naweza kusema kwamba aliyekuwa anatoka damu hakuwa amesimama wima, ikiwa jeraha lake ni la kichwa. Alikuwa chini: amekaa, amepiga magoti, ameinama au amelala. Hapo hapo inanibidi niongeze kwamba tone halisafiri kwenye mstari ulionyooka, maana uzito wake hulivuta chini njiani, kwa hiyo hesabu ya mistari iliyonyooka huelekea kukipandisha kimo juu ya ukweli. Ukuta hauniambii kama mtu huyo alianguka mwenyewe kisha akapigwa, au alipigwa akaanguka kisha akapigwa tena. Hauniambii hata kama hiyo ni damu ya binadamu.

Hilo la mwisho lina majaribio yake. Tunapaka kemikali kwenye kipande cha karatasi kilichogusishwa doa, na rangi ya waridi ikitokea ndani ya sekunde chache, huenda ni damu. Nasema huenda, kwa sababu kutu, shaba na utomvu wa mboga fulani vinaweza kuleta rangi hiyo hiyo. Lumino, ile dawa inayong'aa buluu gizani hata pale palipopigwa deki, hung'aa pia ikikutana na dawa ya kufulia yenye klorini. Majaribio haya yanatuonyesha pa kuchukulia sampuli, na uthibitisho unafanyika maabara. Nikisoma maelezo ya kesi yanayosema "damu ilionekana sakafuni" na msingi wake pekee ni mwanga wa lumino, naumia, kwa sababu najua kuna mtu anaweza kufungwa kwa sakafu iliyosafishwa vizuri.

Na sampuli yenyewe inaweza kufa njiani. Nakumbuka shati lililoletwa maabara siku ya nne baada ya tukio, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo kwa nguvu. Aliyelifunga alikuwa na nia njema kabisa. Alitaka kitu chochote kisiingie wala kisitoke. Nilipofungua fundo nilipokewa na harufu ya uvundo, na pale kifuani palipokuwa na doa palikuwa pameota ukungu wa kijani. Damu mbichi ndani ya plastiki ni shamba la bakteria, na bakteria hukatakata vinasaba vipande vidogo mno. Hatukupata kitu cha maana kwenye shati lile. Lingeanikwa kivulini mahali safi mpaka likauke, kisha likawekwa kwenye mfuko wa karatasi, pengine lingezungumza. Nasimulia hili kwa kila kundi la wapelelezi ninalolifundisha, na kila mara kuna mmoja anayeacha kuandika na kuinamisha kichwa. Najua anawaza mfuko gani.

Sasa turudi kwenye maswali yetu mawili, kwa upande wa alama za vidole. Mwaka 1892, huko Necochea, Argentina, watoto wawili waliuawa nyumbani kwao, na mama yao, Francisca Rojas, akamtaja jirani. Mpelelezi aliyefundishwa na Juan Vucetich, ofisa wa polisi wa huko aliyebuni njia ya kuainisha alama za vidole, alikuta alama ya dole gumba kwenye mlango, ikiwa imechorwa kwa damu. Ilikuwa ya mama. Alipooneshwa, akakiri. Kesi hii hutajwa kila mahali kama mwanzo wa alama za vidole mahakamani, lakini naipenda kwa sababu nyingine. Ilikuwa nyumba yake. Alama zake za kawaida zingeweza kujaa mlango mzima zisiwe na maana yoyote. Alama ile ilikuwa imetengenezwa kwa damu, kwa hiyo ilijibu maswali yote mawili pamoja: ni nani, na aligusa wakati damu ikiwa bado haijakauka.

Alama za namna hiyo ni chache. Nyingi hazionekani kwa macho. Kwenye kioo tunazifuata kwa unga na brashi, kwenye karatasi kwa kemikali ya ninhidrini inayozigeuza zambarau, kwenye plastiki kwa mvuke wa gundi ya supaglu. Zikishatokea, hakuna njia ya kutegemewa ya kusema zina umri wa siku mbili au miezi miwili. Kidole chako kwenye kaunta ya duka lililoibiwa kinasema uliwahi kufika. Basi.

Hata swali la kwanza nalo linaweza kukosewa. Baada ya mabomu ya treni za Madrid mwezi Machi 2004, wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walitangaza kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko wa vilipuzi ilikuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani. Alishikiliwa kama wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipompata mwenye alama halisi. Waliohakiki kazi ya mtaalamu wa kwanza walikuwa wameshajua jibu lake. Tangu nilipoisoma ripoti ya uchunguzi wa kosa lile, nimeshika msimamo ambao wakati mwingine unawaudhi wapelelezi: kabla sijamaliza kulinganisha, usiniambie kama mtu amekiri, wala ana rekodi gani. Nikishajua, jicho langu litaanza kutafuta kufanana. Mtaalamu wa pili naye asioneshwe jibu langu.

Vinasaba vilipoingia, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Alec Jeffreys aligundua mbinu yake katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Miaka miwili baadaye polisi walimpelekea kesi ya wasichana wawili waliobakwa na kuuawa, na kijana wa miaka 17 aliyekuwa ameshakiri kosa moja. Vipimo vikaonyesha kwamba aliyewaua wote wawili ni mtu mmoja, na si kijana yule. Hivyo mtu wa kwanza kuguswa na vinasaba katika kesi ya mauaji aliondolewa hatiani. Polisi wakakusanya sampuli za zaidi ya wanaume 5,000. Mhalifu akamtuma mwenzake wa kazini atoe damu kwa niaba yake, siri ikavuja, na mwaka 1988 akahukumiwa. Angalia kilichopimwa katika kesi ile: shahawa. Ukishajua ni za nani, swali la zilifikaje pale limebakiza nafasi ndogo sana ya ubishi.

Leo tunaweza kupata wasifu wa vinasaba, yaani mpangilio wa alama unaotumika kumtambua mtu, kutokana na chembe chache za ngozi zilizobaki kwenye mpini wa kisu. Ni maendeleo makubwa, na yamefungua kesi zilizolala miongo mingi. Lakini kadiri sampuli inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyoweza kuwa imesafiri. Mwaka 2012, huko California, vinasaba vya mwanamume mmoja vilikutwa kwenye kucha za mtu aliyeuawa nyumbani kwake. Akakamatwa, akakaa ndani miezi kadhaa. Rekodi zikaja kuonyesha kwamba usiku ule alikuwa amelazwa hospitalini, amelewa hajitambui. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliompeleka huko ndio hao hao walioitwa kwa marehemu saa chache baadaye. Maabara haikukosea: vinasaba vilikuwa vyake kweli. Jibu la swali la kwanza lilikuwa sahihi kabisa, na lilikuwa linamsogeza mtu asiye na hatia kwenye kesi ya mauaji.

Takwimu nazo huchanganya hivyo hivyo. Nikisema wasifu huu, kwa kuwa sampuli iliharibika na haikutoa taarifa zote, unapatikana kwa mtu 1 kati ya 1,000,000, wengi husikia kwamba uwezekano wa mshtakiwa kuwa hana hatia ni 1 kati ya 1,000,000. Sivyo. Kwenye jiji la watu 5,000,000, tungetarajia watu wapatao watano wenye wasifu huo. Kama ushahidi mwingine unamweka mshtakiwa karibu na eneo la tukio, namba yangu ina uzito mkubwa. Kama alipatikana kwa kupekua kanzidata ya vinasaba vilivyohifadhiwa tu, na hakuna kingine, mahakama ina haki ya kuniuliza kuhusu wale wanne, nami nina wajibu wa kuwataja hata kama sijaulizwa.

Kesi inayonijia kichwani kila nikivaa glavu ni ya Ujerumani. Askari wa kike aliuawa mjini Heilbronn mwaka 2007, na vinasaba vya mwanamke asiyejulikana vikapatikana pale. Mwanamke huyo huyo alikuwa ameshaonekana, na akaendelea kuonekana, kwenye matukio karibu 40 Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi wa magari, uvunjaji wa nyumba. Alisakwa kwa miaka. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini kutakasa huua vijidudu, vinasaba hubaki. Kiwango cha kimataifa cha vifaa visivyo na vinasaba vya binadamu kilitolewa mwaka 2016.

Tangu nijue habari hiyo, kwenye kila eneo la tukio nafungua kijiti kimoja ambacho hakitagusa chochote. Nakilowesha kwa maji yale yale ninayotumia kwa vingine, nakiacha kikauke, nakiweka kwenye bahasha yake ya karatasi, nakipa namba, nasaini na kuandika saa. Kinakwenda maabara pamoja na vingine vyote, na mimi huomba kipimwe kwanza.