Sheria mpya ya nini? Hesabu kwanza siku za mahabusu

Mwezi huu peke yake wanafunzi wanne wamenijia kuomba staji, yaani mafunzo ya kazini, katika timu yetu inayofuatilia kesi za mahabusu. Wote wanne walikalia kiti kile kile, begi magotini, wakasema maneno yanayofanana kama wamefundishwa na mwalimu mmoja: «Mama, nataka kupigania mageuzi ya haki za wafungwa, kwa sababu sheria zetu ni mbaya.» Wa nne nikamuuliza: sheria ipi? Ibara ya ngapi? Akanyamaza. Nikampa kalenda na dosye, yaani jalada la kesi, ya kijana wa mtaa wa Katuba aliyekamatwa kwa wizi wa simu, nikamwambia anionyeshe siku ambayo kijana huyo alipaswa kuwa mbele ya hakimu. Alihesabu kwa vidole. Alikosea mara mbili.

Basi niandike mara moja, nipumzike kurudia.

Dhana hii ya «sheria mpya» inanichosha kuliko dhana zote wanazokuja nazo, kwa kuwa inachukua vijana wenye akili na kuwakalisha kwenye semina za hotelini, ambako hakuna mahabusu hata mmoja. Tuchukue dosye hiyo ya simu. Wizi wa kawaida, adhabu haizidi miaka 5, kesi ni ya tribunali ya amani, mahakama ya ngazi ya chini. Kijana amekamatwa Jumatatu saa nne asubuhi. Ibara ya 18 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inampa OPJ, ofisa wa polisi anayechunguza kosa, saa 48. Jumatano saa nne ikifika, ama amwachilie, ama amfikishe parke, ofisi ya waendesha mashtaka. OMP, yaani mwendesha mashtaka, akishamsikiliza na kuona dalili nzito za kosa, anaweza kumpa MAP, hati ya kumshika kwa muda. Na kwa kuwa hapa Lubumbashi hakimu yuko mji mmoja naye, siku 5 ndizo alizo nazo za kumpeleka. Hakimu akikubali, amri yake inadumu siku 15, na ile siku ya kutolewa amri ni siku ya kwanza. Hapo ndipo wanafunzi wangu wote huanguka. Zikiisha, anaweza kuongeza mwezi, kisha mwezi, kisha mwezi. Kwa kosa la adhabu ya miezi 6 kwenda juu, zikishapita nyongeza tatu mfululizo, kuendelea kumshika mtu kunahitaji uamuzi wa hakimu katika kikao cha wazi, watu wakisikia.

Utaratibu huu wa siku umetoka katika dekreti ya 6 Agosti 1959. Haikuandikwa jana: ilikuwapo karibu mwaka mzima kabla ya Uhuru, na ina umri mkubwa kuliko baba za hawa wanafunzi. Katiba nayo, ibara ya 17, imesema wazi kwamba uhuru wa mtu ndio kanuni, na kumfunga ndiko kunakopaswa kuwa nadra. Unataka sheria ikuambie nini zaidi?

Mtu hakai ndani miezi tisa kwa sababu Bunge limelala. Anakaa kwa sababu amri yake iliisha Alhamisi na hakuna aliyeona. Kwa sababu hakimu alihamishwa na dosye ikabaki kabatini. Kwa sababu kikao kiko mjini, gereza liko nje ya mji, na gari halina mafuta. Kwa sababu mama yake anauza bukari (ugali) kwenye soko la mtaa wa Kenya na hajui kwamba ana haki ya kuuliza tarehe. Niliwahi kumkuta mtu ambaye mahakama ilikuwa imeagiza atoke. Karatasi ya kumtoa ilichukua wiki tatu kusafiri kutoka meza moja hadi nyingine. Meza zote mbili ziko mji huu huu.

Mageuzi ninayojivunia zaidi katika miaka yangu yote yalifanywa kwa rula na kalamu ya bic nyekundu. Daftari la gereza moja lilikuwa na safu ya tarehe ya kuingia, lakini halikuwa na safu ya tarehe ya amri kuisha. Tulikaa na karani, tukachora safu hiyo ukurasa kwa ukurasa, asubuhi nzima, yeye akilalamika kwamba tunamharibia daftari. Tangu siku ile, kila Ijumaa anapitisha kidole safu nyekundu na kuandika majina ya waliopitiliza. Hakuna mbunge aliyepiga kura. Hakuna aliyepigwa picha.

Kwa hiyo ushauri wangu haubadiliki, hata wakinicheka: nunua daftari la miraba, penseli na rula. Kompyuta iache nyumbani; gerezani inaleta maswali mengi kuliko majibu. Namba ya dosye, kosa, tarehe ya kukamatwa, tarehe ya MAP, tarehe ya amri, tarehe ya mwisho. Ukishapata dosye kumi zilizopitiliza, ziandike kwenye ukurasa mmoja, umpelekee mkuu wa parke mikononi mwake kabla hujaenda redioni. Nimeona memorandamu za kurasa kumi na mbili zikitumika kufunika chupa ya chai. Ukurasa wenye namba kumi za dosye hakuna anayeufunikia kitu, kwa maana kila namba ina saini ya mtu chini yake.

Sisemi sheria mpya hazina kazi. Walioisukuma ile ya 9 Julai 2011, iliyofanya utesaji kuwa kosa la jinai, walifanya kazi kubwa. Ila sheria hiyo inahitaji daktari anayekubali kuandika alichokiona mgongoni kwa mtu, tena siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo na sheria za 2006 kuhusu ubakaji: zimemkataza OPJ kumaliza mambo kwa faini ya maelewano, na bado familia zinaitwa kuelewana. Nani yuko pale kuona?

Dhana hizi nyingine za wanafunzi na za watu nitazipita haraka.

«Lazima niwe avoka.» Hapana. Kuvaa toga ya wakili na kusimama mahakamani ndiyo, kuna kiapo, kuna staji ya miaka 2, ni taaluma yenye sheria yake ya 1979. Lakini mimi si avoka. Nimesoma kriminolojia hapa hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Katika timu niliyo nayo, anayetusaidia zaidi ni mtu wa hesabu.

«Mnatetea wezi.» Hii nasikia kwenye taxi, kanisani, hata msibani. Mtu ni mwizi hukumu ikishatoka na kuwa ya mwisho. Na wewe uliyeibiwa, jiulize: kama mshukiwa amekaa mwaka bila kuhukumiwa, wewe umepata nini? Hujapata hukumu, hujapata fidia, na simu yako imelala kwenye kabati la vielelezo. Dosye ikilala, inawalalia wote wawili.

«Tujenge magereza makubwa zaidi.» Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa 1957 kwa watu 1,500, likaja kubeba mara nyingi ya hao, na wengi wao hawakuwa wamehukumiwa. Usiku mmoja wa Septemba 2024, wafungwa walipojaribu kutoroka, waliokufa mle walikuwa 129 kwa hesabu ya serikali. Jengo jipya, kwa dosye zisizotembea, litajaa tu. Ni ndoo chini ya paa linalovuja.

«Mimi nina mjomba mkubwa, nitampigia simu.» Mpigie. Kijana mmoja atatoka, na dosye yake itakuwa imepita juu ya nyingine arobaini. Ukizoea hivyo, tafuta jina lingine la kazi yako.

«Kwenye ONG kuna dola.» Kwenye mashirika haya yasiyo ya serikali kuna mradi. Mradi una tarehe ya mwisho kama MAP, tofauti ni kwamba ya mradi huheshimiwa. Uwe na kazi ya pili. Mimi nilifundisha sekondari miaka sita.

«Nikiwa na kadi ya mtetezi, hawatanigusa.» Soma jina la ile sheria ya 15 Juni 2023: ni ya ulinzi *na wajibu* wa mtetezi wa haki za binadamu. Kadi si kinga. Kinachokulinda ni kwenda wawili, kusaini daftari la wageni, na kusema tu ulichoona kwa macho.

Ya mwisho siipiti haraka, kwa sababu inatoka kwa wanafunzi bora: kwamba Kifaransa kizuri kinatosha. Ibara ile ile ya 18 inataka aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo, na katika lugha anayoielewa. Lugha ya mji huu unaijua. PV, hati ya maelezo yake, inaandikwa kwa Kifaransa, mchimbaji kutoka machimboni anaambiwa «saini hapa», anasaini, na miezi baadaye anashangaa kumbe «alikiri». Nawapa wanafunzi zoezi: nieleze MAP kwa Kiswahili, kama unamweleza shangazi yako wa Ruashi, bila neno moja la Kifaransa. Wenye alama za juu darasani hubabaika hapo mpaka wanatoka jasho. Na akishindwa kumweleza shangazi, ndiyo kusema yeye mwenyewe hajaielewa, amekariri.

Nafasi za staji zipo mbili. Njoo Ijumaa saa mbili, na daftari la miraba. Kabla hujaja, fanya hili: hakimu ametoa amri ya kwanza tarehe 3 Machi. Inaisha tarehe ngapi? Ukipata 18, hesabu tena.