Ukifika Guangzhou mara ya kwanza: simu, anwani na pasipoti

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya ukalimani Guangzhou, mji wa kusini mwa China, nikiwapokea wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura na kuzunguka nao masokoni. Wageni wengi hufika wakiwa na hofu ya lugha na chakula, lakini yanayowataabisha hasa siku mbili za mwanzo ni mambo ambayo wangeyamaliza wakiwa nyumbani, karibu na benki yao na mtandao waliouzoea.

La kwanza ni simu, kwa sababu ndiyo pochi ya mji ule. Muuza matunda wa barabarani, dereva wa teksi, mgahawa na duka la jumla, wote wanalipwa kwa kuskani msimbo wa QR wa Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia, na kadi ya Visa unayoitoa mfukoni itakataliwa katika kaunta nyingi. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi ya benki ya nchi yake na programu hizo, akathibitisha jina lake kwa pasipoti na kulipa kama wenyeji. Fanya hivyo kabla ya safari. Benki yako itatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani, na ikiwa umeizima au hukuwashiwa huduma ya romingi (ya kutumia laini hiyo ukiwa nje ya nchi), utakaa na kadi yenye fedha ambayo haikununulii hata maji. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyekuwa katika hali hiyo, na tulipoteza siku nzima ya masoko tukisubiri benki yake ifunguliwe. Tofauti ya saa ni tano, hivyo saa 2 asubuhi ya Dar es Salaam ni saa 7 mchana ya Guangzhou.

Malipo yasiyozidi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hayatozwi ada, ila yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Kwa chakula na usafiri ada hiyo haina uzito. Kwa mzigo wa nguo au vipuri itakula faida yako, kwa hiyo fedha za mzigo zipangie njia nyingine na mpe muuzaji taarifa mapema. Noti za yuan ni halali kila mahali, nami hushauri uwe nazo kidogo za thamani ndogo, maana kutafuta chenji kunachosha.

Laini ya romingi ina faida nyingine. Google na WhatsApp zimefungwa kwenye mitandao ya China, lakini intaneti ya romingi hupitia mtandao wa nyumbani kwako, kwa hiyo mara nyingi huduma hizo huendelea kufanya kazi. Ramani za Google, hata zikifunguka, mara nyingi hukuonyesha pembeni kidogo ya mahali ulipo. Tumia programu ya Amap, ambayo ndiyo wanayoitumia madereva.

Anwani ya hoteli iwe kwa maandishi ya Kichina, kwenye simu na kwenye karatasi pia. Jina la hoteli kwa herufi za Kilatini, hata ulitamke vizuri namna gani, halimwambii dereva chochote. Ukitoka uwanja wa ndege wa Baiyun kwenda Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia, panda metro ya njia ya 3, ubadilishe kituo cha Jiahewanggang uingie njia ya 2 hadi kituo kikuu cha reli, kisha njia ya 5, kituo kimoja tu. Nauli ya metro huanzia yuan 2 kulingana na umbali, na kila mzigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni. Ukifika usiku wa manane metro imefungwa. Chukua teksi kwenye foleni rasmi.

Sasa pasipoti, sehemu ambayo naomba uisome kwa makini. Sheria inamtaka mgeni aliyetimiza miaka 16 atembee nayo muda wote. Ukilala hotelini, mapokezi watakuandikisha polisi. Ukilala kwa ndugu au katika chumba cha kupanga, ni lazima uandikishwe katika kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24, na ukikosa unaweza kutozwa faini inayofika yuan 2,000. Kuzidisha muda wa viza ni kosa kubwa zaidi: yuan 500 kwa siku hadi 10,000, au kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Nimewaona watu wazima wenye heshima zao wakitetemeka kwa kosa la siku moja, kwa sababu walihesabu siku kutoka kwenye tiketi badala ya kuzihesabu kutoka kwenye viza.

Chakula cha halali kipo tele Xiaobei. Tafuta neno qingzhen, yaani halali kwa Kichina. Plagi zetu za pini tatu nene haziingii kwenye soketi zao, basi beba adapta.

Kuhusu wakati wa kwenda, maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yaliyoanza 1957, hufanyika kila mwaka kuanzia Aprili na tena Oktoba, na bei za vyumba hupanda sana. Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya Januari na Februari, viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa.

Na ukitaka kufika Hong Kong kwa treni ya kasi, tazama viza yako kwanza. Kuingia Hong Kong kunahesabiwa kuwa umetoka China bara, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha, na mzigo wako unabaki ghalani Guangzhou nawe uko upande wa pili wa mpaka.